Mkutubi wa Kidato cha Tatu

Mimi siongei sana. Nyumbani wanajua, shuleni wanajua, hata mwenye duka letu pale Nandagala, wilayani Ruangwa, anajua. Nikifika kaunta haniulizi kitu, anaangalia tu kidole changu kimeelekea wapi, kwenye sabuni au kwenye chumvi. Siyo kiburi. Maneno yanakuja, yanafika hapa kooni, yanakaa.

Kwa hiyo asubuhi ile madam wetu wa Kiswahili aliposimama mstarini akasema shule imepata nafasi ya kupeleka mwanafunzi mmoja Nachingwea kujifunza kazi ya maktaba, na kwamba wamenichagua mimi, kidato cha tatu kizima kiligeuka kunitazama kama vile nimekamatwa na kitu cha watu.

"Huyu?" mmoja akasema nyuma yangu. "Si wangempeleka mtu anayeongea?"

"Maktabani watu hawaongei, we. Ndiyo kwake pale."

Wakacheka. Na mimi nilicheka kimoyomoyo, maana niliamini hivyo hivyo. Nilidhani nimepata kazi ya watu wa aina yangu: unapanga, unafuta vumbi, unanyamaza.

Chumba chenyewe tulikuwa tunakiita stoo. Vitabu vilikuwemo, vingi tu, ndani ya maboksi, ila vilikaa na majembe, viti vilivyovunjika miguu, na magunia ya ufuta wa shamba la shule. Kila mwaka ufuta ukishavunwa na kupepetwa, magunia yanaingia mle na mlango unafungwa. Ukitaka kitabu unaambiwa subiri ufuta uuzwe. Makamu mkuu wa shule, ambaye ndiye mwalimu wa kilimo na msimamizi wa shamba, alikubali kututolea vitu vyake, lakini kwa masharti. Alimwambia madam mbele yangu:

"Madam, nawaachia chumba mpaka ufuta uvunwe. Huyo mtaalamu wa mafunzo yenu atakuja kukagua, siyo? Akisema hii ni maktaba, chukueni moja kwa moja. Akisema bado, magunia yangu yanarudi nyumbani kwao."

Nachingwea tulifikia hosteli ya masista, mimi na madam. Mafunzo yalikuwa kwenye kituo cha walimu, jengo la bati lisilo na dari. Ilikuwa masika. Mvua ikipiga lile bati hakuna anayemsikia mwenzake, kila mtu ananyamaza na kutazamana. Niliipenda sana ile mvua. Ikinyesha nilikuwa sawa na wenzangu wote.

Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mkutubi kutoka Mtwara, mfupi, miwani ameifunga kamba shingoni, na sauti ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya bonde. Alitupanga wawili wawili, shule hii na shule ile. Mimi nikapangiwa mvulana wa kidato cha tatu kutoka Chiola. Mtu wa maneno, huyo.

"Oya, mambo?"

"Poa."

"Poa tu? Au bando la kuongea limeisha?"

Nikatazama meza. Akasema, "Haya, ukiunga niambie." Baadaye nilikuja kumwona ni mtu mzuri, tena mzuri sana, lakini hapo sitaandika zaidi.

Zoezi la kwanza yule mama alimwaga vitabu mezani, kila meza rundo lake. "Vipangeni," akasema. "Mnavyoona ninyi inafaa." Akatoka kwenda kunywa chai.

Hatukuulizana. Mikono ilianza yenyewe. Nilikuwa nakichukua kitabu, nakigeuza, naangalia mgongo, naangalia kurasa; kizima kulia, kilichochanika kushoto. Yule wa Chiola alikuwa anafanya vile vile, haraka haraka, na tukapendana kikazi hapo hapo. Tulimaliza, tukakaa, tukajiona mafundi.

Mama aliporudi alisimama mlangoni na kikombe chake. Akaangalia meza yetu. Akaangalia ya jirani, na ya mbele, na ya dirishani. Kila meza ilikuwa na marundo mawili, zuri na bovu, wanafunzi na walimu wao, wote. Akaanza kucheka mpaka miwani ikaanguka kifuani.

"Jamani, watu wa kusini! Nimewaambia mpange vitabu, mmenipangia korosho! Hizi daraja la kwanza, hizi daraja la pili. Haya, ghalani tunapeleka lini?"

Mwalimu mmoja mtu mzima alicheka akipiga meza kwa kiganja. Tulicheka wote, kwa sababu ndivyo tulivyokua. Tangu nijue kukaa mkekani nachambua korosho na mama, iliyokauka ikang'aa huku, yenye madoa na iliyosinyaa kule. Nani angetufundisha kwamba kuna kupanga kwa namna nyingine?

Lakini mama yule hakuishia kwenye kucheka. Alinyanyua kitabu kimoja kutoka rundo letu bovu, kimebaki bila jalada, kona zimekuwa kama masikio ya mbuzi.

"Hiki kimechakaa kwa nini?"

"Watoto hawana adabu," mwalimu mmoja akasema.

"Kimenyeshewa."

"Panya."

Mimi jibu nilikuwa nalo. Lilikaa pale kooni kama kawaida. Nikamnong'oneza wa Chiola. Naye, bila kufikiri, akalitoa kwa sauti kama lake: "Kimechakaa kwa sababu kinasomwa!"

"Nani kasema?"

"Mimi. Ah, hapana, siyo mimi. Huyu hapa wa Ruangwa. Anaongea kwa vocha ndogo."

Ikabidi nisimame.

"Vinasomwa," nikasema.

"Sikusikii, mwanangu."

"Vinasomwa, mwalimu. Hivi vilivyochanika ndivyo watu wanavyovitaka. Hivi vizuri hakuna aliyevifungua."

Aliweka kikombe mezani, akasema, "Kaa. Umenifundishia somo la kesho." Nilikaa. Usiandike uongo kwenye daftari lako mwenyewe, kwa hiyo nasema wazi: nilifurahi kuliko siku niliyofaulu kwenda sekondari.

Siku zilizofuata tulijifunza kazi yenyewe. Tulijifunza namba za maktaba: mia tano ni sayansi, mia sita ni kilimo, afya na ufundi, mia nane fasihi, mia tisa historia na jiografia, na kwamba namba ya kitabu inabandikwa mgongoni, chini, ili kitabu kiwe na nyumba yake na mtu yeyote aweze kukirudisha. Tulishona vitabu kwa sindano na uzi, tukapika gundi ya unga wa muhogo, na tukaweka majani makavu ya mwarobaini nyuma ya rafu kwa ajili ya wadudu. Tulijifunza kutumia kishikwambi kilichojazwa vitabu ndani yake, ambacho hakihitaji mtandao. Na kwa kila tulichosoma, kiwe cha karatasi au cha kwenye kioo, yule mama alitulazimisha kuuliza maswali yale yale: nani kaandika, kaandika lini, kajuaje? Wa Chiola alikuwa anayaimba kwa mtindo wa singeli tukienda kula.

Halafu siku ya kufunga akatupa habari yenyewe.

"Nitakuja kwenye shule zenu, moja moja. Sitaangalia rafu. Rafu hata fundi seremala anaweza. Nitakaa nyuma, na wewe mwanafunzi utachukua kidato cha kwanza, utawapa kipindi cha maktaba peke yako. Mwalimu wako atakuwa nje. Mkutubi ni mtu wa kuongea na watu. Nikikuta umesimama pembeni umeshika funguo, mimi nitaandika kwamba hiyo ni stoo yenye kufuli zuri, na vishikwambi mnavyoondoka navyo leo vitaenda shule nyingine."

Sikula chakula cha mchana. Kwenye gari tukirudi, nilimwambia madam, kwa sauti ambayo nadhani ni yeye tu angeweza kuisikia, kwamba afadhali amfundishe mwingine nafasi yangu.

"Nani?" akasema. "Mtaje."

Nilitazama mikorosho ikipita dirishani mpaka tukafika Ruangwa mjini. Sikuwa na wa kumtaja. Nilijua kila kitabu kilichokuwa ndani ya yale maboksi, kwa kuwa kila ufuta ulipouzwa mimi ndiye niliyeingia kuvisoma, na hakuna mwingine aliyejua. Madam alininunulia mahindi ya kuchoma tu.

Basi tukaanza. Wenzangu wa kidato cha tatu, wale wale walionicheka, walikuja kubeba viti vibovu, kupigilia rafu na kupiga rangi. Tulipika gundi nyuma ya jiko la shule, mpishi akituuliza kila siku huo uji wetu utaiva lini. Nyumbani nilifanya mazoezi ya kipindi mbele ya mama, yeye akimenya mihogo. Mama anakielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kimwera. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nasikika vizuri, tatizo ni kwamba naihutubia miguu yangu.

Na kule shambani ufuta ulikuwa unakauka. Miganda ilisimamishwa, ikapigwa, ikapepetwa, na magunia yakaanza kupangwa kwenye baraza la ofisi, moja juu ya jingine. Kila nikipita, makamu ananiita:

"Binti, magunia yangu yanakusalimia."

"Ahsante, mwalimu."

"Yanasema hapa barazani panya wanayasumbua."

Alikuwa anatania, najua, lakini magunia yalikuwa ya kweli.

Siku yenyewe ilifika. Mama wa Mtwara alikaa nyuma kabisa, kalamu mkononi. Madam alitoka, akafunga mlango nusu. Kidato cha kwanza waliingia, wakajibana kwenye mabenchi, wakanitazama. Nilikuwa nimekariri maneno ya kufungulia, mazuri, kuhusu faida za maktaba. Nikafungua mdomo.

Sijui kilitoka nini. Nilijisikia nikisema "maktaba ni" halafu nikajisikia nikisema tena "maktaba ni."

"Dada, ongeza sauti," kijana mmoja wa benchi la mwisho akasema. "Huku chakula hakifiki!"

Darasa likacheka. Sikuthubutu kumtazama mwezeshaji. Nilichukua kitabu kilichokuwa karibu, kitabu cha kilimo, siyo kwa sababu kilikuwa kwenye mpango bali nipate kitu cha kufichia uso. Nikakifungua katikati na kuanza kusoma popote macho yalipoangukia. Kilikuwa kimeandika kwamba asili ya mkorosho ni Brazili, huko Amerika ya Kusini, na kwamba Wareno ndio walioleta mbegu zake pwani yetu.

Kisha yule wa benchi la mwisho, mtoto wa kutoka Mandawa, akasimama kabisa.

"Dada, hapo umesoma vibaya."

"Sijasoma vibaya."

"Umesoma vibaya! Korosho ni ya kwetu. Mikorosho yote ya kule nyumbani kapanda babu. Huyo Mreno alikuja lini Mandawa?"

"Eeh!" wakaitikia wenzake. "Brazili wapi? Brazili si mpira?"

"Hicho kitabu cha wapi hicho?"

"Cha uongo hicho!"

Wote walikuwa wanaongea. Na mimi, ndiyo, mimi, nilikasirika. Kitabu kile nilikishona kwa mkono wangu. Nikasikia sauti ikisema, "Basi kama ni cha uongo, tafuteni kinachosema kweli," na sauti ilikuwa yangu na ilifika mpaka benchi la mwisho.

"Tutafute wapi?"

"Humu humu. Kilimo ni mia sita, rafu ya dirishani. Historia na jiografia mia tisa, pale. Kishikwambi hiki hapa, watu wawili wakishike, wasigombanie. Ukipata, niambie nani kaandika, lini, na kajuaje."

Wakanyanyuka kama vile shule imetoka. Mabenchi yalianguka. Mmoja alisoma namba za migongoni kwa sauti kama kondakta anayetaja vituo. Binti mmoja mdogo akaja mbio na kijitabu.

"Nimepata! Hiki kinasema korosho ni zao la mikoa ya kusini. Mmeona?"

"Soma tena," nikamwambia. "Kinasema imetoka kusini, au inalimwa kusini?"

Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. "Inalimwa," akasema kwa huzuni, na wenzake wakamwambia, "Aaah, umetuangusha!"

Kitabu cha jiografia kilipatikana, nacho kikasema Brazili. Mwandishi mwingine kabisa. Kishikwambi nacho kikasema hivyo hivyo, kikiwa na ramani na mshale unaovuka bahari. Mtoto wa Mandawa aliufuata mshale kwa kidole, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akisema, "Hapana, hapana."

Hapo ndipo mlango ukafunguka. Alikuwa makamu.

"Kuna nini humu? Nikajua nyuki wameingia."

Wote walimgeukia. "Mwalimu! Mwalimu, eti korosho imetoka Brazili? Tuambie wewe, mwalimu! Si uongo?"

Yeye ndiye mwalimu wa kilimo. Anajua, hakuna asiyejua kwamba anajua. Angesema ndiyo, au angesema hapana, neno moja tu, kipindi changu kingekuwa kimeisha, kwa kuwa tangu lini mtoto akaendelea kutafuta jibu mwalimu akishalitoa? Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, niliyaona magunia barazani.

Aliangalia rafu. Aliangalia vile vijikaratasi vya namba tulivyovibandika. Akaniangalia mimi.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Mkutubi si mnaye? Muulizeni mkutubi."

Na hakuondoka. Aliegemea mlango, akakunja mikono, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Sitasahau jinsi walivyogeuka wote kunitazama, na sikuitazama miguu yangu. Niliwaambia tulichokipata: vitabu viwili, waandishi wawili tofauti, na kishikwambi, vyote vinakubaliana, na kile kijitabu hakipingi, kinasema tu inalimwa wapi. Kwa hiyo kwa vile tulivyonavyo humu, mbegu ya mkorosho ilikuja na Wareno, zamani sana. Yupo mwenye kitabu kinachosema tofauti? Hayupo.

"Lakini aliyeipanda Mandawa ni babu yake huyu," nikasema. "Hilo vitabu vyetu havina. Siku moja aliandike yeye."

Mtoto wa Mandawa akakaa, akajikausha, lakini niliona anatabasamu upande.

Mwezeshaji alisimama. Akamwita mwanafunzi mdogo kuliko wote, akamwambia amletee kitabu cha kufuga kuku. Mtoto akaenda rafu ya dirishani, akakosea safu, akajirekebisha, akakileta. "Sasa kirudishe kwake." Akakirudisha kwake. Mama akafunika kalamu.

"Ninyi mna kelele," akaniambia. "Nimekagua shule nyingi, hii ina kelele zaidi. Maktaba ipo."

Nilitaka kusema ahsante, na hapo ndipo sauti ikakataa tena. Niliitikia kwa kichwa tu. Madam, ambaye kumbe alikuwa chini ya dirisha muda wote, aliingia akiwa anafuta macho na kujifanya ni vumbi la chaki.

"Basi," makamu akasema akitazama magunia yake, "ufuta utalala ofisini kwangu. Nitasahihisha mitihani nimekalia gunia." Akapiga hatua, akarudi. "Hongera, mkutubi."

Jioni ile nilimwambia mama kila kitu, mwanzo hadi mwisho, bila kuulizwa. Mama aliacha kupepeta. Alisema hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na kwamba chakula kimepoa lakini niendelee.

Sasa tunafungua kila siku baada ya vipindi. Wa Chiola ameniandikia kupitia simu ya madam kwamba na wao wamepita, na kwamba darasani kwake waligombana kuhusu mbaazi. Vitabu vinachakaa vizuri.

Jumatatu iliyopita mtoto wa Mandawa alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikuwa ametembea haraka, shati limeshikana na mgongo.

"Dada, babu amekataa."

"Amekataa nini?"

"Hayo ya Brazili. Amesema vitabu vyenu vimeandikwa na watu wasiolima. Halafu amesema nikuulize, kama mnajua sana, na muhogo je? Na wenyewe ulikuja na meli?"

Nyuma yake wengine walikuwa wamejipanga, wakisikiliza. Zamani ningetazama chini na kusubiri swali lipite. Muhogo sikuujua. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya wote, kwamba sijui, na sikuona aibu hata kidogo.

"Vua viatu uingie," nikamwambia. "Mia sita iko wapi?"

Akanyoosha kidole dirishani, tukaenda.